Kamba ya Mkia: Ameacha au Ameachwa?

Mliniacha wiki jana na waya wa kipaza sauti mkononi. Nimeung'oa ukutani pamoja na plagi yake, chokaa imenimwagikia viatuni, na Mwenyekiti wa chama cha mbio za magari yuko pale mbele, anatamka jina la binti yangu na sauti haitoki.

Wengine mmenisimamisha njiani wiki nzima. "Mzee, ikawaje?"

Ikawa hivi.

Mwenyekiti alikigonga kipaza sauti kwa kidole. Kimya. Akakipuliza. Kimya. Mtu aliyezoea kusikika kwa umeme, ukimnyima umeme anakuwa kama jogoo aliyenyeshewa.

"Mzee Winchi," akasema kwa sauti yake ya kuzaliwa nayo, ambayo kumbe ni nyembamba. "Rudisha huo waya."

"Sirudishi."

"Unaharibu shughuli ya watu."

"Shughuli ipi? Ya kumvisha mwanangu kamba kwa ubovu wa gari lako?"

Ukumbi ukaguna. Nasema ukumbi, lakini ni gereji ya chama tu, iliyofagiwa na kupangwa viti vya plastiki. Jua la mchana linachoma bati, na sakafu inanuka oili hata wakiimwagia sabuni ya maua.

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, nikueleze upesi. Kila mwisho wa msimu chama hiki kinawapanga madereva na timu kwa kushindwa kumaliza mbio. Wanaomaliza wana siku yao na vikombe vyao. Hii ni siku ya waliobaki njiani. Dereva aliyebaki njiani mara nyingi kuliko wenzake wote, tangu apewe leseni, anaitwa Mkia. Mkia anavalishwa kamba ya kuvutia magari, anatolewa nje kama gari bovu, watu wanashangilia, na leseni anaisahau maisha yake yote. Timu nayo ina mkia wake. Hiyo inafukuzwa gereji za uwanjani.

Na kamba yenyewe inatoka kwenye gari langu. Mimi ndiye ninayevuta magari yaliyokwama. Kila mwaka naliegesha gari langu la winchi kinyumenyume mlangoni, naikunjua kamba kutoka kwenye winchi, naiburuta katikati ya viti mpaka mbele, kitanzi nakilaza juu ya meza ya wakubwa. Miaka yote nimeiburuta nikitaniana na watu. Mwaka huu nimeiburuta kwa ajili ya damu yangu.

Binti yangu wanamwita Kisigino. Mafundi ndio waliompa jina hilo. Gari langu la winchi lina tabia yake: usipolikanyagia mafuta mara mbili kabla ya kuliondoa, linakuzimikia. Yeye alijifunzia humo. Basi mpaka leo, hata umpe gari jipya linalonukia plastiki, lazima alikanyagie kwa kisigino mara mbili. Ngurumo, kimya kidogo, ngurumo. Kama mtu anayebisha hodi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Dereva akisimama katikati ya mbio, mshika bendera wa kona ile anasema neno moja kwenye redio ya upepo. Akisema "ameacha", basi dereva ameshindwa mwenyewe, doa ni lake. Akisema "ameachwa", basi gari ndilo limemwacha, doa ni la timu. Tofauti ni herufi moja. Mimi shule niliiona kwa mbali, lakini hiyo "w" naijua kuliko jina langu.

Kabla ya mbio za mwisho, Kisigino alikuwa amelingana na dereva mmoja tu kule chini kabisa. Nani? Mtoto wa Mwenyekiti. Sisi tunamwita Bwana Harusi, kwa sababu ovaroli yake ni nyeupe, kofia nyeupe, na glavu nyeupe mkono wa kushoto ambayo haivui hata akila. Madereva wakilingana, mkia ni yule aliyetangulia kupata leseni. Aliyetangulia ni Bwana Harusi.

Mbio za mwisho Kisigino akasimama kwenye kona ya tangi la maji. Ikiandikwa "ameachwa", doa linakwenda kwa timu yake, na timu hiyo ni mali ya Mwenyekiti, nayo imebakiza doa moja tu iwe mkia. Inafukuzwa gereji, na mwanawe anavaa kamba. Ikiandikwa "ameacha", binti yangu anavaa kamba, na baba na mwana wanakwenda nyumbani kula.

Unadhani iliandikwaje?

Nikamgeukia Bi Katibu, aliyekuwa amekaa mezani anajipepea na karatasi yenyewe.

"Dada, siku ile ulisikia neno gani?"

"Ameacha."

"Una hakika?"

"Kaka, mimi naandika ninachosikia. Unataka nisikie unachotaka wewe?"

"Nataka usikie walichosikia wote."

Nikageuka kwa watu. Mstari wa pili alikuwa amekaa Fundi Matairi, tumbo limefika kabla yake.

"Fundi, siku ile Kisigino aliposimama, spika zikatangaza, ukacheka mpaka ukadondosha soda. Ulicheka nini?"

"Aa, Mzee Winchi, mambo ya kale hayo."

"Ya wiki iliyopita ndiyo ya kale? Sema."

Akajikuna shingo. "Basi, si... si walisema ameachwa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema, masikini, kaachwa hata hajaolewa."

Ukumbi mzima ukalipuka tena kwa kicheko, kilekile cha siku ile. Hata Bi Katibu alijisahau, karatasi ikamziba mdomo. Nikakiacha kicheko kiishe chenyewe. Halafu nikauliza polepole.

"Mtu akiambiwa 'ameacha', kichekesho kiko wapi? Hakuna. Mlicheka wote. Mwenyekiti naye alicheka, nilimwona, mpaka akafuta macho kwa tai. Sasa mlicheka neno gani?"

Watu walitazamana kama waliokamatwa na mfupa mdomoni.

Nikamtazama Mwenyekiti. Nikajisemea moyoni, leo nimekubana mahali ambapo huwezi kupiga rivasi.

Kumbe sikumjua vizuri.

"Sawa," akasema. "Watu walicheka. Watu hucheka hata msibani. Tumwite aliyelisema neno lenyewe. Mshika bendera wa tangi! Simama."

Akasimama kijana mrefu mwembamba, shati limechomekwa upande mmoja. Nikafurahi. Kijana huyu mimi ndiye niliyemwelekeza pa kusimama kwenye kona ile, asije akapatwa na yaliyompata aliyekuwepo kabla yake.

"Wewe ulisema nini kwenye redio?" Mwenyekiti akamuuliza.

Kijana akatazama viatu vyake. Nami nikavitazama. Vilikuwa vipya. Halafu nikaona kwenye mfuko wa shati nembo ya kituo cha mafuta. Kituo ni cha Mwenyekiti. Kijana amepewa kazi.

"Nilisema ameacha."

"Mwongo!" Fundi Matairi akapayuka.

"Nyamaza wewe!" Mwenyekiti akamrukia. "Kati ya masikio yako na mdomo wa aliyesema, tushike kipi? Au chama kiendeshwe kwa vichekesho vyako?" Kisha akanigeukia, akalainisha sauti, ile sauti ya wakubwa wanapotaka kukuzika huku wanakushika bega. "Jamani, tumwelewe mzee wetu. Tangu afiwe na mkewe, masikio yake yanasikia anachopenda yeye. Ni uchungu. Tumsamehe."

Tumsamehe! Mimi!

Mniwie radhi wasomaji, hapa lazima nimseme mke wangu.

Alikuwa mshika bendera wa kona hiyohiyo ya tangi. Kona hiyo iko mbali na majukwaa, wanaoiona ni madereva na vumbi. Siku moja ya mbio, miaka kadhaa nyuma, gari la Bwana Harusi lilitoka barabarani likamkuta amesimama na bendera yake ya njano. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, navuta gari lingine. Nilipofika nilimkuta amelala chini peke yake, anapumua. Nikaita gari la wagonjwa kwenye redio. Mwenyekiti akanijibu mwenyewe: "Halina mafuta. Tumia lako."

Ilinibidi kwanza nilinase kwenye ndoano gari lililomgonga, maana lilikuwa limeziba njia. Nikampakia mke wangu mbele, kichwa chake pajani kwangu. Nilimpeleka hospitali hivyo, na gari lililomgonga linaning'inia nyuma yetu, linayumba kila kona. Hatukufika naye.

Na neno la siku ile? Mshika bendera alikuwa chini, hawezi kusema. Mwenyekiti akalisema yeye. "Ameachwa," akasema. Eti breki zilimwacha mwanawe. Doa likaenda kwa timu.

Herufi aliyompa mwanawe bure ndiyo aliyokuja kumnyang'anya wangu.

"Usiitaje kwa mdomo wako maiti ya mke wangu," nikamwambia. Nikaivuta ile kamba kutoka mezani, kitanzi kikanijia mkononi. "Na hii haivai mtu hapa leo mpaka..."

"Baba."

Kisigino alikuwa amesimama. Kwenye ovaroli yake ya bluu iliyopauka magotini, nywele zimefungwa kitambaa cha mama yake.

"Baba, kaa."

"Sikai."

"Kaa, baba. Niliacha."

Nikadhani sijasikia. "Umesema?"

"Niliacha mimi. Gari halikuniacha. Lilikuwa zima, breki nzima, injini inaimba. Nilisimama kwa mguu wangu."

Wasomaji, nimewahi kupigwa na jeki kifuani. Ilikuwa afadhali.

Mwenyekiti alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Mtoto ana akili kuliko mzazi. Bi Katibu, leseni. Mzee, mvalishe mwanao."

"Sijamaliza," Kisigino akasema.

"Tumekwisha kukusikia."

"Mbio sikumaliza. Maneno nitamaliza."

Kuna mtu nyuma akapiga makofi mara moja, akaogopa, akaacha. Kisigino akamtazama yule mshika bendera.

"Na wewe ulisema ameachwa. Ulinionea huruma, nakushukuru. Ila hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia kwa nini nimesimama, na leo usingekuwa unatazama viatu."

Kijana akakaa.

"Nilisimama," binti yangu akaendelea, "kwa sababu nilifika kwenye kona aliyogongewa mama yangu, nikatazama pale linapotakiwa kusimama gari la wagonjwa. Mnajua kulikuwa na nini? Ndoo. Imepinduliwa, eti kuonyesha nafasi ina mwenyewe. Magari yanapita roho mkononi, na wa kutuokoa ni ndoo! Nikasema sitaipita kona hii. Mkiita ni kuacha, basi niliacha. Andikeni. Nitavaa hiyo kamba. Lakini kwanza Mwenyekiti aseme gari lilikuwa wapi."

Minong'ono ikapanda. Madereva ndio walioanza kusimama, mmoja mmoja, wake kwa waume.

"Halikuwa na mafuta," Mwenyekiti akasema haraka. "Haya mambo yanatokea. Hata mwaka ule..."

Akajiuma ulimi. Amechelewa.

Kule nyuma, karibu na matairi yaliyopangwa ukutani, kiti kikakwaruza sakafu. Akasimama mtu ambaye katika miaka yote sijawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Dereva wa gari la wagonjwa. Mtu mzima, mvi zimemjaa masharubuni, kofia ameikunja mikononi kama anayekamua kitambaa.

"Gari langu halijawahi kulala bila mafuta," akasema. "Hata siku moja."

"Kaa chini!" Mwenyekiti akafoka.

"Wiki iliyopita uliniita nikawapeleke wageni wako uwanja wa ndege. Ulisema gari langu lina king'ora, foleni itafunguka. Nikaweka ndoo, nikaenda. Hilo ni kosa langu na lako."

"Nimesema kaa!"

"Na mwaka ule?" Mimi ndiye niliyeuliza. Sikuijua sauti yangu.

Alinitazama, machozi yakimlengalenga.

"Mwaka ule nilikuwepo, kaka. Nilikuwa mahali pangu nyuma ya tangi. Nilifika kwa shemeji vumbi halijatulia. Nilishafungua mlango wa nyuma, nimeshusha machela. Huyu akaniita kwenye redio." Akamnyooshea kofia Mwenyekiti. "Akaniambia, mpakie mwanangu, ondoka. Nikamwambia, mkuu, huyu wako anatembea, mama hawezi. Akaniambia, unataka kazi au hutaki?"

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na watoto wanne, kaka."

Mlango wa pembeni ukajibamiza. Nikadhani ni upepo.

Macho yote yakamwendea Bwana Harusi. Alikuwa mstari wa mbele, mweupe kama kitanda cha hospitali, hajasema neno tangu asubuhi. Akaanza kuivua ile glavu. Kidole, kidole, kidole. Miaka yote sisi tulidhani anaivaa kwa maringo. Akauinua mkono wa kushoto juu, watu wauone.

Palikuwa na kovu. Dogo, jembamba, juu ya kidole gumba. Urefu wa njiti ya kiberiti.

Basi. Mke wangu aliachwa chini kwa ajili ya hilo.

"Vaa hiyo glavu!" baba yake akamwambia. "Vaa, nakuambia!"

"Nimechoka kuivaa, baba." Kijana akaja mbele, akasimama mbele yangu. Alikuwa analia bila kelele. "Mzee, breki zilikuwa nzima. Nilikuwa nimegeuza shingo kule mbali majukwaani, natafuta nani ananishangilia. Mimi ndiye niliyeacha. Liandikwe hilo kwangu. Nikishaandikiwa hilo, nimelingana na Kisigino, na mimi nilimtangulia leseni. Mkia ni mimi. Nivalishe."

Akainamisha kichwa.

"Usithubutu!" Mwenyekiti akapiga meza. "Winchi, ukimgusa mwanangu utaozea ndani! Chama hiki ni changu!"

Hakuna aliyemgeukia. Hata Bi Katibu hakumgeukia. Alikuwa ameishika kalamu, anasubiri neno.

Nikakiinua kitanzi. Nikakipitisha kichwani kwa Bwana Harusi. Desturi ni kukishusha mpaka kiunoni. Mabegani, mikononi, kiunoni, watu wanacheka, basi. Mimi nilikifikisha shingoni, na hapo mikono yangu ikagoma kushuka. Nilikuwa nalitazama lile kovu. Sitawadanganya, sikuwa na haraka ya kukishusha.

"Mzee," akaninong'oneza, "mwambie Kisigino anisamehe."

Nikageuka kumtafuta binti yangu anisaidie kumjibu.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Kitambaa cha mama yake kimeachwa juu yake.

Mlango wa pembeni, ule uliojibamiza, ulikuwa wazi kidogo. Hapakuwa na upepo. Na funguo za gari langu, nilizoziacha kwenye swichi kama ninavyoziacha kila mwaka...

Nje, mlangoni, kwenye ncha ya pili ya kamba ileile, gari langu likawaka.

Ngurumo. Kimya kidogo.

"Mwanangu, hapana!" nikapiga kelele.

Ngurumo.

Na kamba, iliyokuwa imelala sakafuni katikati ya viti, ikaanza kunyooka.